Wamekuletea mkataba wa upepo au sola shambani? Pitia hivi kabla hujasaini

Tuelewane mapema, lile pango la mwaka lililoandikwa ukurasa wa kwanza ndo la mwisho kuangalia. Najua macho yanakimbilia pale, na wao wanajua, ndo maana wameliweka juu kwa herufi nene. Hela yenyewe iko huko ndani, kwenye vile vifungu vya kuchosha vinavyoamua upepo usipovuma hasara ni ya nani, laini ya umeme ikichelewa nani analipwa, kampuni ikifa nani anabaki na vyuma. Na hayo hayo ukiyaangalia kutoka upande wa pili ndo maswali ya mlipakodi, kwaiyo hata kama huna hata robo eka ila unalipa kodi na bili ya umeme endelea tu, ntafika huko.

Kitu cha kwanza jua wanataka kujenga nini, maana upepo na sola kwa mwenye ardhi ni dili mbili tofauti kabisa. Sola inakula ardhi. Megawati 1 inataka kama eka 5 mpaka 10 hivi, inategemea paneli zenyewe, nafasi kati ya mistari na kama zinageuka kufuata jua, na likishazungushiwa fensi hilo eneo kwa miaka 25 au 30 kilimo cha kawaida sahau. Kuna sehemu wanachunga kondoo katikati ya paneli, inawezekana kabisa na kampuni yenyewe inaokoa hela ya kufyeka majani, ila kama haijaandikwa kwenye mkataba basi haipo, meneja anayekuahidi kwa mdomo leo mwakani yuko mradi mwingine. Upepo ni kinyume chake. Mnara wenyewe, sehemu ya kusimamishia kreni, barabara na vifaa vya umeme kwa kawaida havifiki hata eka 1 kwa kila megawati, ila mradi mzima unatapakaa eneo kubwa sana kwa sababu mitambo haiwezi kukaribiana, wa mbele utaunyima upepo wa nyuma. Kwaiyo kwenye sola unalinganisha pango na kile ambacho ardhi yako ingeingiza miaka yote hiyo, na kwenye upepo unalima na kufuga kama kawaida ila unalinganisha pango na usumbufu, yaani barabara zinazokata shamba vipande, nyaya zilizofukiwa ambazo trekta inaweza kuzifikia kama hazijazama vya kutosha, mifereji ya maji kuharibika, na makelele.

Alafu usione wivu jirani akipewa mitambo 6 na wewe 1. Nguvu iliyomo kwenye upepo inapanda kwa kasi mara kasi mara kasi, maana yake kasi ikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara 8. Kilima chenye upepo wa mita 7 kwa sekunde kina nguvu karibu asilimia 60 zaidi ya bonde la mita 6, na kwa macho wala huwezi kuona tofauti. Ndo maana kabla ya chochote wanasimamisha mnara wa kupimia, mwaka au zaidi.

Hapo kwenye kupima ndo mtego wa kwanza ulipo. Karatasi wanayokuletea siku ya kwanza mara nyingi sio mkataba wa kukodi, ni ya kuishikilia ardhi yako. Wanakulipa kahela kadogo kwa mwaka, wanapata miaka 3, 5, wakati mwingine zaidi, ya kuamua kama watajenga au hawajengi, na muda wote huo wewe huruhusiwi kuongea na kampuni nyingine, saa nyingine hata kujenga banda refu hutakiwi. Miradi mingi sana inafia hapa. Inafia kwa sababu gridi (mtandao wa laini za umeme) imejaa, au hawakupata mnunuzi wa umeme, au serikali imebadilisha ruzuku. Marekani walianza kuwapa wenye mitambo ya upepo nafuu ya kodi kwa kila uniti wanayozalisha tangu sheria ya 1992, ikawa inaisha inafufuliwa inaisha tena, na kila ilipokaribia kuisha makampuni yanakimbizana kujenga alafu kimya, 2022 ikapanuliwa sana na 2025 ikakatwa tena. Mwenye ardhi aliyejifunga miaka 7 kwa hela ya mboga ndo anayebeba huo mserereko wote bila hata kujua.

Kwaiyo kwenye hiyo karatasi ya mwanzo pigania vitu vitatu. Muda uwe mfupi, na kila wakitaka kuongeza mwaka bei inapanda sio inabaki palepale. Vipimo vya upepo au jua wakiondoka wakuachie nakala, kwasababu hiyo data ina thamani kwa kampuni itakayofuata. Na kubwa kuliko zote, kama una eka 200 na wao watatumia 30, zile 170 zirudi mikononi mwako siku wanapoanza kujenga. Bila hicho kifungu ardhi yako yote inabaki imefungwa kwa miaka 30 wakati unalipwa pango la eka 30 tu, na ukitaka kuuza kipande mnunuzi anakuta jina la kampuni limeandikishwa juu yake. Tena angalia vizuri, masharti ya mkataba mkuu wa kukodi yanakuwa yameshaambatishwa hapo hapo nyuma, ukisaini ya kushikilia umesaini na huo. Hamna siku ya pili ya kujadiliana.

Pango la kudumu au asilimia

Sasa hela. Kuna wanaolipa kiasi maalum kwa eka au kwa megawati, na kuna wanaolipa asilimia ya mapato, na dili zuri linachanganya, yaani asilimia ila kuna kiwango cha chini ambacho hawashuki hata mwaka wa upepo mbaya.

Kiasi maalum kinapendeza kwasababu hakina stress, ila tuone hesabu. Chukua pango la 100 linalopanda asilimia 2 kila mwaka, na bei za vitu mtaani zinapanda asilimia 6. Baada ya miaka 25 kwenye karatasi unapokea kama 164, unajiona umekua, ila uwezo wake wa kununua ni kama 38 ya zile za mwanzo. Ikiwa haipandi kabisa imebaki 23 hivi. Miaka 25 ni mingi bana, aliyesaini yuko na nguvu zake, anayekuja kupokea hizo 38 ni mtoto wake. Kwaiyo ongezeko lifungwe kwenye mfumuko wa bei, au angalau kuwe na kupitia upya kila baada ya miaka 5, sio namba iliyogandishwa milele.

Asilimia nayo ina ujanja wake. Kwanza geuza kila ofa uliyopewa iwe sehemu ya mapato, ndo utajua kama ni kubwa au ndogo. Mfano mtambo wa upepo wa megawati 3. Mwaka una saa 8,760, kwaiyo ukizunguka kwa nguvu zote saa zote ungetoa megawati-saa 26,280 (megawati-saa 1 ni uniti 1,000 za umeme), ila hakuna mtambo wa hivo, sehemu nzuri ya nchi kavu unapata labda asilimia 35 ya hapo, yaani kama 9,200. Zidisha na bei ambayo kampuni inauza umeme, hayo ndo mapato ya mtambo mmoja kwa mwaka, alafu chukua pango lako ugawanye nayo. Sola fanya hivohivo ila asilimia iwe chini, weka 20 kama jua ni zuri, megawati 1 inatoa kama megawati-saa 1,750 kwa mwaka, na kama imekalia eka 6 basi kila eka inazalisha 290 hivi. Ukishapata hiyo namba unashangaa, kuna ofa inaonekana nono kwa eka kumbe haifiki hata asilimia 1 ya mapato, na nyingine inaonekana kavu kumbe ni nzuri. Bei ya kuuzia umeme usiibuni kichwani, iulize, na sehemu nyingi mikataba ya kuuza umeme kwa shirika la umma imetangazwa au inatajwa kwenye ripoti za mdhibiti wa nishati.

Pili, asilimia ya nini? Ikiandikwa asilimia ya faida, kataa palepale, faida ya kampuni ya mradi inaweza kuwa sifuri miaka 15 ya kwanza kwa sababu ya riba ya mkopo na uchakavu wa mitambo, na ni halali kabisa kisheria. Iwe asilimia ya mapato ghafi, yaani hela yote inayoingia kabla ya kutoa gharama. Na mapato ghafi nayo yafafanuliwe, maana kampuni inaweza kuuza umeme kwa kampuni dada kwa bei ya kutupa alafu dada ndo anauza kwa bei ya kweli, wewe asilimia yako inahesabiwa kwenye ile ya kutupa. Mapato ya hati za kaboni, yaani zile hati kampuni inazouza kwa sababu umeme wake hauchomi mafuta, yamo au hayamo? Nafuu za kodi? Na wewe una haki ya kuleta mhasibu wako akague mita na vitabu, au unapokea tu karatasi yao kila Januari unasema asante?

Mitambo ikisimama na hela inaendelea kuingia

Hiki ndo kifungu nachokipenda kuliko vyote kwa sababu hapa mwenye ardhi na mlipakodi wanakutana uso kwa uso. Mitambo inaweza kuwa mizima, upepo upo, ila umeme hauendi popote. Gridi imejaa, wanaosimamia mfumo wanaiambia kampuni zima, au laini ya kusafirishia haijakamilika. Mkataba wa kuuza umeme mara nyingi unasema kampuni italipwa hata hivyo, kwa umeme ambao ingezalisha. Sasa wewe wako unasema asilimia ya "umeme uliouzwa". Umeme haujauzwa, kampuni imelipwa, wewe sifuri. Sentensi moja inatibu hili: asilimia inahesabiwa kwenye malipo yote ambayo mradi unapokea, ikiwemo fidia ya kutozalisha na malipo ya bima ya kupoteza mapato.

Mfano hai upo. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana kule Kenya, mitambo 365, megawati 310, mkubwa kwelikweli. Mitambo ilikuwa imesimama tayari 2017 ila laini ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani mpaka Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, ilichelewa, mkandarasi alifilisika njiani, umeme ukaanza kupita Septemba 2018. Kampuni ilikuwa imejilinda kwenye mkataba, kwaiyo serikali ikalipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Usiwalaumu sana wawekezaji, hakuna benki ingetoa mkopo bila hicho kifungu, lawama iko kwa aliyekubali kubeba jukumu la laini bila uhakika wa kuimaliza kwa wakati.

Na ardhi yenyewe ya mradi huohuo, Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ilisema hati hazikupatikana kwa utaratibu, jamii haikushirikishwa inavyotakiwa. Kwaiyo kama ardhi ni ya ukoo, ya kijiji au ya jamii, usisubiri mtu mmoja asaini kwa niaba ya wote alafu mgombane baadae, hata kampuni yenye akili haitaki hiyo. Huko Kinangop, Kenya pia, mradi wa megawati 60 ulifutwa 2016 baada ya wakazi kugoma, hela zikapotea pande zote. Danimaki walijaribu njia nyingine, sheria ya 2008 ikailazimisha kampuni kuuza angalau asilimia 20 ya hisa kwa wakazi, wa ndani ya kilomita 4.5 wakipewa kipaumbele. Baadae wakaifuta wakaweka mifumo mingine, ila wazo la jirani anayesikia makelele kupata chochote na sio mwenye shamba peke yake limebaki. Mkiwa majirani wengi kaeni pamoja mchukue wakili mmoja, kampuni inahitaji eneo lote liungane, kipande kimoja katikati kikikosekana mpango unaharibika, nguvu yenu iko hapo.

Vyuma vibaki kwa nani

Kampuni inayosaini na wewe sio ile kubwa yenye jina kwenye fulana zao. Ni kampuni ndogo iliyoundwa kwa ajili ya mradi huu tu, haina mali nyingine zaidi ya mitambo, na mitambo imewekwa rehani benki. Mwaka wa 23 mitambo imechoka, faida imeisha, inauzwa kwa mtu mwingine, na mwingine, mpaka inafika kwa mtu ambaye hata simu hapokei. Unabaki na minara, mapanga ya faibaglasi ambayo mnunuzi wa chuma chakavu hayataki, na msingi wa zege wa mamia ya mita za ujazo kwa kila mnara. Chuma na shaba vinauzika, ila usikubali hesabu yao inayosema chakavu kitalipia kila kitu, bei ya chakavu miaka 25 ijayo haijui mtu.

Dai dhamana, yaani hela iliyofungwa benki au bondi ya bima, iwekwe mapema, tuseme kabla ya mwaka wa 10 wakati mradi bado unaingiza, sio mwaka wa 20. Kiasi kikadiriwe na injinia asiyewategemea wao na kipitiwe kila miaka 5. Kina cha kuondoa msingi kiandikwe, kawaida wanakubali kama mita 1 tu na chini ya hapo zege linabaki, kwa shamba la mazao inatosha ila uwe unajua. Na kampuni iweke rehani haki yake ya ukodishaji tu, KAMWE sio ardhi yako. Soma hicho kifungu mara mbili.

Kodi ya ardhi nayo. Sehemu nyingi ardhi ya kilimo inatozwa kidogo, paneli zikiingia inabadilishwa matumizi kuwa ya biashara na kodi inapaa, kuna nchi zinadai mpaka tofauti ya miaka ya nyuma. Andika kwamba ongezeko lolote linalotokana na mradi ni lao, pamoja na la nyuma.

Ukiwa mlipakodi tu

Huna shamba, ila mradi unajengwa. Mitambo ya upepo na jua haina mafuta ya kununua, karibu gharama yote inatoka siku ya kwanza, kwaiyo kinachoamua bei ya umeme kuliko kitu chochote ni riba ya mkopo. Serikali ikiweka dhamana riba inashuka na umeme unakuwa rahisi, na hiyo ndo zawadi mlipakodi anayotoa hata kama hakuna shilingi iliyotoka hazina leo. Sio mbaya, ila inatakiwa ionekane. Uliza dhamana inalipa nini na lini. Uliza bei imewekwa kwa sarafu gani, maana kama ni dola na sarafu yenu inashuka, umeme utapanda bei wakati jua ni lilelile. Uliza laini inajengwa na nani na adhabu ya kuchelewa inaenda kwa nani.

Alafu uliza kama kulikuwa na mnada, yaani makampuni kushindana nani atauza umeme kwa bei ya chini. Ujerumani ilianza 2000 na bei maalum iliyofungwa miaka 20, ilisukuma teknolojia kweli, ila bei ya paneli duniani ikaanguka kwa kama asilimia 90 ndani ya miaka ya 2010 na waliosaini mapema wakaendelea kulipwa bei ya zamani, wateja wakabeba tozo kwenye bili mpaka ilipoondolewa 2022. Afrika Kusini ilienda na minada tangu 2011 na bei zikashuka sana raundi kwa raundi. Mkataba wa mezani bila ushindani ukifungwa leo kwa miaka 25 una kazi kubwa ya kujieleza. Ila pia msishangilie serikali ikivunja mikataba ya zamani kwa nguvu, Hispania ilikata malipo 2013 kwa miradi iliyokwisha kujengwa, wawekezaji wakaipeleka kwenye usuluhishi wa kimataifa na kesi zikaendelea kwa miaka.

Kwa halmashauri, makusanyo ya kodi ya mitambo mara nyingi ni makubwa miaka ya mwanzo alafu yanashuka kadri mitambo inavyohesabiwa kuchakaa. Diwani akisema hela ya mradi itajenga shule na kulipa walimu, ya kujenga sawa, ya kulipa mishahara kila mwezi miaka 25 muombe aonyeshe jedwali.

Na kama ulishasaini zamani na ukigundua umepigwa, bado kuna dirisha moja. Kabla benki haijatoa mkopo wa ujenzi, au mradi unapouzwa, wakili wao atakuletea barua fupi ya kusaini, inasema unathibitisha mkataba uko hai, huna madai, na unakubali benki ichukue nafasi ya kampuni ikishindwa kulipa. Wataileta Ijumaa wanasema ni utaratibu tu inatakiwa Jumatatu. Bila saini yako mkopo unakwama. Kwanza mwambie wakili wako aangalie kama mkataba wa awali unakulazimisha kusaini ndani ya siku fulani na kwa maneno gani, alafu kwa yale yasiyokulazimisha weka mezani orodha yako, dhamana ya kuondoa vyuma, ongezeko la pango, zile eka 170.